Druid wa 30 kwa 21: abaki hivyo au achague upande mmoja? Wa Mtwara na Lindi tujadiliane

Mwanzisha mada, Shangani, Mtwara

Wadau, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Sisi ni watano tunaocheza World of Warcraft, gemu ya mtandaoni, ile Classic inayoirudisha gemu ya zamani, iliyotoka Agosti 2019. Tuko Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi, na mimi ndiye Druid wa kundi, mhusika wa kugeuka mnyama na kutibu. Mwisho wa wiki huwa tunajiunga na kundi la watu 40 ili tuwafikie mabosi wakubwa. Wiki iliyopita viongozi wa kundi hilo wameniambia nibadilishe vipaji vyangu au nisirudi. Wenzangu wanne wamegawanyika, wawili huku wawili kule, na tangu hapo tukiingia hatuongei vizuri. Naleta suala hili kwenu kwa sababu linaniuma.

Kwa asiyeijua gemu hii: pointi ya kwanza ya kipaji inakuja ukifika levo ya 10, halafu moja kwa kila levo mpaka 60, jumla 51. Druid ana matawi matatu. Balance ni uchawi wa kupiga kwa mbali. Feral Combat ni wa kugeuka mnyama, dubu wa kupokea kipigo au paka wa kukitoa. Restoration ni tiba. Kipaji cha mwisho cha kila tawi hakifunguki mpaka uwe na pointi 30 ndani ya tawi hilo, chenyewe kinakuwa cha 31. Piga hesabu: kwa pointi 51 utafika mwisho wa tawi moja tu.

Mimi nimeweka 30 Feral na 21 Restoration. Sijafika mwisho popote, na hilo ndilo linalowaudhi. Lakini angalieni ninachokipata. Heart of the Wild, kwa pointi zake 5, inaniongezea akili kwa asilimia 20, na akili ndiyo akiba ya mana, yaani nguvu ya uchawi, ya kutibia. Nikiwa dubu, kipaji hichohicho kinaniongezea uhimilivu kwa asilimia 20. Nikiwa paka, nguvu asilimia 20. Watu wananiambia mshika mawili moja humponyoka, nami nauliza: kimeniponyoka nini hapo, wakati kipaji kimoja kinalisha kazi zote tatu?

Upande wa tiba nina Nature's Swiftness. Healing Touch, tiba yangu kubwa, ya daraja la juu kabisa inachukua sekunde 3.5 kama hujaipunguza kwa vipaji, na katika sekunde hizo mtu ameshakufa. Kwa kipaji hiki inatoka papo hapo, mara moja kila dakika 3. Nina Furor pia: nikigeuka dubu siingii mkono mtupu, naingia na hasira 10, na nikigeuka paka naingia na nishati 40, ndizo nguvu za kupigania za wanyama hao.

Sasa niwaambie kwa nini nimeshikilia mgawanyo huu. Mwezi uliopita tulikuwa Stratholme, eneo la watu watano ndani ya gemu, upande wa wafu, hatujafika kwa bosi wake Baron Rivendare. Umeme ukakatika Masasi, kwa Warrior wetu, yule anayepokea kipigo. Mhusika wake alisimama kimya kidogo, kisha akatoweka. Wafu wote wakamgeukia Priest wetu, mtibabu wa kundi. Nikatoka kwenye paka, nikawa dubu, nikawavuta kwangu wengi wao. Priest akafa hata hivyo. Nikarudi umbo langu, nikamfufua palepale vitani kwa Rebirth, ambayo ukiitumia unasubiri dakika 30, nikamtibu kwa ile Healing Touch ya papo hapo, nikarudi kuwa dubu mana ikiwa karibu kwisha. Tulimaliza wanne. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwenye kibodi.

Hilo halikuwa la siku moja. Oktoba ikifika, msimu wa korosho unaanza, na Warrior huyohuyo anakwenda shambani kwa baba yake: kuokota, kuanika, kufunga magunia, kupeleka chama cha msingi, kusubiri mnada. Tunaweza kukaa wiki mbili hatumwoni. Nani atapokea kipigo? Kundi la watu wa kusini linahitaji mtu anayeweza kukaa kwenye kiti chochote kilicho wazi. Kama Druid si huyo, basi ni nani?

Kutoka Lindi mjini

Dada, mimi ndiye Priest uliyemfufua siku ile, na bado niko upande wa pili. Usinichukulie vibaya.

Unasema hakuna kilichokuponyoka. Pointi moja tu, dada. Ungeweka 31 Feral ungepata Leader of the Pack, na sisi sote kwenye kundi la watano tungeongezewa asilimia 3 ya kupata pigo kali, kwa silaha za mkononi na za mbali. Ukienda Restoration hadi mwisho unapata Swiftmend, tiba ya papo hapo, na njiani unaokota Gift of Nature, asilimia 10 ya tiba yako yote. Wewe umesimama mlangoni kwa nyumba mbili, hujaingia hata moja.

Na kuna jambo hukuligusa, mavazi. Ukiwa vitani huwezi kubadili vazi, unabadili silaha tu. Kwa hiyo siku ile Stratholme ulitibu ukiwa na mavazi ya paka. Nilikuwa nimelala chini naangalia namba za tiba yako zinavyopanda. Zilikuwa ndogo mno. Tulipona kwa sababu mnyama wa Hunter aliwashika waliobaki, hilo hukulisimulia.

Halafu bosi akidondosha vazi la ngozi, la dubu unalitaka, la tiba unalitaka, la paka unalitaka. Rogue wetu, naye wa kuvaa ngozi, amekaa na mabega ya kijani, ya daraja la chini, kwa miezi.

Kutoka Mikindani

Mimi ni Mage, mchawi wa kupiga kwa mbali, si wa kundi lenu la watano, naongea kama mtazamaji. Wenye gemu wenyewe walishatoa jibu zamani. Oktoba 2010, kwenye gemu ile ya awali, walibadilisha utaratibu, ukawa huwezi kugusa tawi la pili mpaka uweke pointi 31 kwenye la kwanza. Mwaka 2012 wakafuta matawi yale kabisa, na Druid akatenganishiwa njia nne, dubu na paka kila mmoja na yake. Waliotengeneza kitu wameona mchanganyiko hauna faida.

Kutoka Masasi

Mage, hapo unapotosha. Kabla ya hiyo 2010, Aprili 2009, waliruhusu mtu kuweka vipaji vya aina mbili na kubadilisha kati yake, ukilipia dhahabu 1,000. Maana yake walijua watu wanataka kufanya kazi mbili. Walichofunga ni njia ya kuchanganya, haja haikuondoka.

Mimi ndiye ninayekatikiwa umeme, na ninayekwenda korosho. Dada asipokuwa dubu, mnakaa mjini Ironforge mnapiga soga mpaka nirudi. Semeni ukweli.

Ila kwenye watu 40 nakubaliana na viongozi. Dubu hana ngao, hazuii pigo wala hapangui kwa silaha. Bosi mkubwa akimpa lile pigo la kuponda, hana pa kulipunguzia. Kule kila mtu ana kazi moja, na mtu akikatikiwa umeme wako wengine 39.

Mwanzisha mada

Kaka wa Lindi, nimeisoma yako mara mbili. La Hunter ni kweli, nililiacha, na si haki kwa mwenzetu aliyefanya kazi. La mavazi limenipata zaidi. Nimekuwa nikihesabu pointi usiku kucha huku mavazi nayaacha nyuma, na kwa kweli ndiyo yanayotoa namba. Kuanzia leo ngozi ya paka simshindanii Rogue. Nachukua ya dubu na ya tiba tu.

Lakini pointi ya 31 sikukubalii. Nikiihamisha kutoka Restoration nabaki na 20, na Nature's Swiftness inaondoka, kwa sababu inadai 20 chini yake na yenyewe ni ya 21. Nitawaongezea asilimia 3, halafu siku Priest akianguka sina cha kumwokolea. Na hiyo asilimia 3 inawafikia wa kundi langu la watano tu, hata tukiwa 40.

Kuhusu kubadilisha kila wiki, mara ya kwanza ni dhahabu 1, kisha 5, kisha 10, inapanda hivyo mpaka 50. Kwenda tiba Jumamosi na kurudi Jumapili ni dhahabu 100 kwa wiki, kwa mtu anayeingia gemu saa mbili jioni baada ya kazi. Siwezi.

Ninachowapelekea viongozi ni hiki. Kwenye watu 40 nitaingia kama mtibabu, nimevaa mavazi ya tiba kuanzia mlangoni, wala sitaomba kuwa dubu. Vipaji vinabaki 30 kwa 21. Wapime tiba yangu kwa wiki tatu, wakiiona haitoshi nitaondoka mwenyewe bila kelele.

Nawaomba waliowahi kutibu kwenye watu 40 bila Swiftmend na bila Gift of Nature wanieleze: mana iliwatosha mpaka kwa bosi Ragnaros, au mlikuwa mnaishiwa njiani? Na mlikuwa mnatumia Healing Touch ya daraja gani?