Modela si kisingizio cha kumnyima mpiga besi saundi cheki

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha, ingawa nitajitahidi kuipanga hoja yangu vizuri asije mtu akasema haya ni manung'uniko ya mwanamuziki aliyepunjwa malipo. Lalamiko langu ni hili: hapa Malindi, na vilevile Watamu na Lamu ambako bendi zetu huitwa msimu wa wageni, tangu wapiga besi tuanze kuja kazini na modela, kidude kinachoiga amplifaya, badala ya amplifaya yenyewe, mafundi mitambo wamejipa ruhusa ya kutotufanyia saundi cheki, yaani kutotupima sauti kabla ya shughuli. Ngoma zinapimwa moja baada ya nyingine, waimbaji wanapimwa, hata maikrofoni ya mshereheshaji inasemewa "moja, mbili, moja, mbili" kwa robo saa nzima. Mpiga besi akifungua begi lake anaambiwa, "Wewe chomeka tu, shekhe, hiyo ni kompyuta, kila kitu kishapangwa mle ndani."

Hakijapangwa. Kilichomo ndani ni sauti ya amplifaya, ukumbi haumo.

Kwa wasiopiga gitaa, modela ni kifaa, mara nyingi cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho hupokea mawimbi yanayotoka kwenye gitaa, huyageuza kuwa tarakimu, kisha huyapitisha katika hesabu zinazoiga tabia ya amplifaya fulani pamoja na kabati lake la spika. Wazo la kuiga amplifaya si geni. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp, ambayo iliiga amplifaya za valvu (zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo) bila tarakimu hata moja. Mwaka 1998 Line 6 wakaleta POD, kile kidude chekundu ambacho wengi wetu tulikiona kwanza kwenye picha. Kemper wa Ujerumani wakaja na njia ya kupitisha milio maalumu katika amplifaya halisi na kupima kinachotoka, ili tabia yake ihifadhiwe. Na siku hizi kuna programu inayojifunza yenyewe, Neural Amp Modeler, ambayo hugawiwa bure na kuifanya kazi hiyo kwa namna ambayo sikio langu halina ugomvi nayo.

Kwa hiyo mtu asinijibu kwamba nachukia teknolojia. Ampeg SVT iliyotoka mwaka 1969, yenye wati 300 na valvu 14, ni mashine ninayoiheshimu, lakini kichwa chake peke yake kina uzito unaozidi kilo 35, na kabati lake la spika nane za inchi 10 linataka wanaume wawili wenye migongo mizima. Jaribuni kuushusha mzigo huo pale gati la Mokowe, muupakie kwenye boti, muupandishe Amu, yaani Lamu mjini, kwenye ngazi zenye utelezi maji yakiwa yametoka, kisha muupeleke kwenye vichochoro ambamo punda wawili wakikutana, mmoja lazima apishe. Modela inaingia ndani ya begi la mgongoni. Upepo wa chumvi utakula jeki zake kama unavyokula kila kitu Pwani, lakini angalau mgongo utabaki salama. Neema hiyo naikubali kwa mikono miwili, ila ninachokataa ni kuigeuza kuwa sababu ya uvivu.

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Wimbi la ukubwa huo haliwezi kupuuza ukumbi lililomo. Likiwa kwenye bustani ya hoteli ya ufuoni, pasipo ukuta wala dari, linaondoka zake kuelekea baharini na halirudi, kwa hiyo besi huonekana nyembamba na fundi hulazimika kuiongeza. Ukilipeleka ndani ya ukumbi wa kuta ngumu na sakafu ya vigae, linagonga ukuta, linarudi na kukutana na jenzake. Noti moja inavimba mpaka glasi zinatikisika mezani, na noti iliyo pembeni yake inapotea kana kwamba mpigaji ameisahau. Mgeni aliyeketi karibu na mlango anasikia tofauti na aliyeketi katikati ya ukumbi. Nani atayajua hayo kabla ya wageni kufika, kama si mtu aliyezunguka ukumbini huku besi ikipigwa polepole, noti kwa noti, kuanzia uzi wa E hadi wa G? Hakuna modela iliyotengenezwa Finland, Ujerumani wala Marekani inayoujua ukumbi wa Malindi uliojengwa na fundi wa hapa kwa mawe ya hapa.

Kabla mafundi mitambo hawajakasirika mno, nina neno pia kwa wapiga besi wenzangu, hasa vijana. Mmekuwa mkipakua mipangilio ya sauti kutoka kwenye intaneti, au mnaitengeneza wenyewe chumbani usiku kwa hedifoni na sauti ndogo ili msiwaamshe watu, kisha mnaileta kazini kama hati iliyotiwa muhuri. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao huko Marekani, inajulikana kwamba sikio la binadamu husikia vibaya sauti nzito zinapokuwa ndogo. Kwa sababu hiyo mtu akiwa chumbani hujiongezea besi mpaka moyo wake uridhike, na mpangilio uleule ukipigwa kupitia sabufa (spika za sauti nzito) za ukumbi kwa nguvu ya sherehe unakuwa mzigo mzito unaomfunika mwimbaji na kuizika ngoma kubwa. Halafu kuna wale wenye mipangilio sita, mmoja wa kupiga kawaida, mwingine wa kupasua, mwingine wenye mwangwi, na hakuna miwili iliyo na nguvu sawa. Fundi anamsikia akiwa kwenye mpangilio wa kwanza, anaridhika. Wimbo wa tatu kijana anakanyaga swichi na watu wote wa meza za mbele wanageuka. Hilo si kosa la fundi, naye akisema wapiga besi wanamchosha, kwa hapo ninamuunga mkono.

Sasa turudi kwenye kilichonichoma mpaka nikafungua mjadala huu. Tulikuwa na sherehe katika hoteli moja ya ufuoni ambayo sitaitaja, na fundi mitambo ambaye pia sitamtaja. Mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, ilikuwa ya kidijitali, nzuri, yenye uwezo wa kuhifadhi mpangilio wa kila chaneli. Fundi, badala ya kuanza upya, alirudisha mpangilio wa shughuli nyingine, na chaneli niliyopewa ilikuwa imetumiwa na mtu wa kuzungumza. Filta ya kukata sauti nzito ilikuwa imewashwa kwenye hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Msiopiga gitaa, hebu tazameni hesabu hii: nyuzi nne za gitaa la besi zikiwa wazi zinatoa takriban hezi 41, 55, 73 na 98, yaani sauti ya msingi ya kila mmoja wao iko chini ya mstari huo. Nilikuwa napiga chakacha, muziki ambao mwendo wake unabebwa na besi na ngoma, na kilichokuwa kikitoka kwenye spika ni mgongano wa vidole na kucha. Chaneli hiyohiyo ilikuwa bado imewekewa geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) ya maikrofoni, ilhali modela yangu ilikuwa ikitoa sauti kwa kiwango cha laini, yaani cha vifaa vya umeme, ambacho ni kikubwa mara nyingi zaidi ya cha maikrofoni. Kwa hiyo taa nyekundu iliwaka kila nilipogusa uzi, nami nilikuwa naiona kutoka jukwaani huku fundi akiwa ameipa mgongo akizungumza na simu. Volti 48 za kuendeshea maikrofoni nazo zilikuwa zinaletwa mpaka kwenye modela yangu. Vipo vifaa vilivyojengwa kuvumilia hilo, na vipo ambavyo havivumilii, na bei ya kununua kingine hailipwi na fundi.

Kisha umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, na mvumo ukaingia kwenye mfumo. Umeme wetu hapa Kenya hupishana mara 50 kwa sekunde. Noti ya G inayopigwa kwenye kifungo cha tatu (kigawanyo cha shingo ya gitaa) cha uzi wa E ni hezi 49. Wimbo tuliokuwa tukiupiga ulikuwa wa G. Kila nilipoishika noti hiyo, mvumo na besi vilikuwa vikipishana kwa hezi moja hivi, sauti ikavimba na kunywea, ikavimba na kunywea, karibu mara moja kila sekunde, mpaka mpiga kinanda akanikazia macho akidhani gitaa langu halijatiwa sauti sawasawa. Dawa yake ni ndogo: kisanduku cha DI (kiunganishi kati ya ala na mikisa) chenye swichi ya kutenganisha ardhi ya waya wa sauti. Fundi aliposhtuliwa alipendekeza tuing'oe ethi, yaani waya wa ardhi, kwenye plagi ya modela. Naomba niandike kwa herufi zinazoonekana vizuri, kwa sababu ushauri huu umeenea sana Pwani: ETHI YA PLAGI HAING'OLEWI. Waya ule upo ili mwanamuziki aliyeshika nyuzi za chuma, mdomo wake ukiwa karibu na maikrofoni ya chuma, asife jukwaani.

Nimewahi kusikia mafundi wakilaumu ucheleweshaji wa modela kwa kila tatizo, eti kompyuta inachelewesha sauti ndiyo maana besi haikai na ngoma. Sauti husafiri hewani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde moja. Modela nzuri ikichelewesha milisekunde tatu, ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Mtu asiyeweza kupiga besi akiwa mita moja mbele ya spika yake ana tatizo ambalo hakuna kifaa kitakachomtibu. Penye tatizo la kweli la ucheleweshaji ni pale fundi anapochukua sauti ya modela kwa waya, akaweka pia maikrofoni mbele ya kabati jukwaani, akazichanganya mbili bila kusikiliza, zikaanza kufutana. Hilo nalo hugunduliwa kwenye saundi cheki, kwa kuzima moja na kuwasha nyingine, na halimalizi hata dakika moja.

Jambo jingine ambalo huniudhi ni kuambiwa nipitishe modela kwenye amplifaya ya hoteli, ile iliyokaa nyuma ya jukwaa mwaka mzima na kitambaa chake kimeliwa na panya, bila kupewa nafasi ya kuzima kabati la kuigiza lililo ndani ya modela. Kabati juu ya kabati ni sauti iliyozibwa mara mbili. Kuna kitufe cha kulizima. Nahitaji tu muda wa kukibonyeza na kusikiliza.

Najua watakachojibu mafundi, na sehemu ya jibu lao ina ukweli. Mwenye shughuli hulipa kwa saa, wapambaji huwa bado wako juu ya ngazi wakifunga vitambaa saa kumi jioni, meneja wa hoteli anakuja mbio kusema wageni wamelala, na wanamuziki wenyewe wanafika wakati biriani limeanza kupakuliwa. Tena kuna wapiga gitaa ambao hawawezi kunyamaza ngoma zikipimwa, wanajaza kila nafasi kwa mbwembwe zao, na kuna wapiga besi wanaopima sauti kwa kugusa nyuzi kama wanaogopa kuziumiza, kisha usiku wanazipiga kwa ngumi. Haya yote nimeyaona. Lakini hayamgusi fundi ambaye ana saa mbili za bure, mitambo imewaka, bendi nzima imefika, na bado anaona besi haihitaji kusikilizwa kwa sababu ina skrini.

Ninachodai hakizidi dakika tano. Chaneli ianze upya, filta na volti 48 zizimwe, geini iwekwe huku nikipiga kwa nguvu nitakayoitumia usiku. Nipige noti kwa noti fundi akiwa anatembea ukumbini, si akiwa ameketi nyuma ya mikisa. Nikanyage kila mpangilio nitakaoutumia ili tuone kama kuna unaoruka. Kisha besi na ngoma kubwa peke yake, kwa sababu viwili hivi vinagombania sehemu ileile ya sauti na ni lazima mtu aamue nani akae chini ya mwenzake. Na mwisho ubeti mmoja na bendi nzima. Wageni watarudi kulala.

Bendi yetu sasa inataka kuliweka jambo hili kwenye mkataba, kwamba muda wa kupima mitambo ni sehemu ya kazi inayolipiwa na kwamba besi imo katika upimaji huo kwa jina. Wenye hoteli wawili tuliowagusia walicheka. Kama kuna bendi yoyote ya Mombasa, Kilifi, Lamu au Diani ambayo tayari ina kifungu cha namna hiyo na kikaheshimiwa, tafadhali wekeni maneno yake hapa kama yalivyoandikwa, mkiondoa majina. Na mafundi mitambo mlioko humu, mnaojijua, msinijibu kwa ujumbe wa faragha. Jibuni hapahapa.