Tupeane uzoefu: mbwa na paka wanaobonyeza swichi za vioo na loki za gari

Wakuu, mnaobeba mbwa au paka kwenye gari, njooni tusaidiane. Mbwa akisimama kuchungulia nje, mguu hutua kwenye kiegemeo cha mlango, na swichi ya kioo ipo papo hapo. Kioo kikishuka, anaruka. Kikipanda kichwa kikiwa nje, kinamkaba shingo. Kitufe cha kufunga vioo kilichopo kwa dereva wengi tunakijua. Leteni yale ambayo kitufe hicho hakiyazuii.

Fundi Umeme:
Angalia kwanza swichi yako ni ya aina gani. Ile ya kubonyeza pande mbili, huku kushusha na huku kupandisha, ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mguu unaweza kuangukia upande wowote. Ile ya kuvuta juu ili kioo kipande, mbwa akiikanyaga anashusha tu, kwa hiyo hapo hofu kubwa ni kuruka.

Kitufe cha kufunga vioo hakizimi kioo cha dereva. Kwenye baadhi ya magari hata kioo cha abiria wa mbele kinabaki kufanya kazi, vinazimwa vya nyuma peke yake. Usikisie: washa swichi ya gari, bonyeza kitufe, halafu zunguka kila kiti ukijaribu kila swichi, kushusha na kupandisha. Zima gari, jaribu tena. Magari mengi huacha umeme kwenye vioo baada ya kuzimwa, mengine chini ya dakika 1, mengine hadi kama dakika 10, na mara nyingi hukatika mlango wa mbele ukifunguliwa.

Wala msitegemee kioo kurudi chenyewe kikigusa kitu. Kinga hiyo mara nyingi ipo kwenye vile vioo vya oto tu, vinavyopanda hadi mwisho kwa mguso mmoja. Tena kuna mifumo ambayo swichi ikiendelea kushikiliwa, kioo hakirudi. Mbwa aliyeegemea swichi ndicho anachofanya hasa: anashikilia.

Mama Simba:
Fundi, vipi kuchomoa fyuzi ya vioo vya nyuma?

Fundi Umeme:
Inafanya kazi, ila soma mchoro wa kisanduku cha fyuzi kwanza. Magari mengine kila kioo kina fyuzi yake, mengine fyuzi moja inabeba vyote na utabaki bila kioo cha dereva. Pandisha vioo hadi juu kabisa kabla ya kuchomoa. Ukirudisha, oto inaweza kuwa imepotea: pandisha kioo hadi mwisho, kisha endelea kushikilia swichi sekunde chache. Muda kamili upo kwenye kitabu cha gari.

Kuchomoa soketi ya swichi ya mlango wa nyuma nako kunazima, lakini kwenye mifumo ya kizamani umeme wa kutoka swichi kuu ya dereva hupitia kwenye swichi hiyo hiyo ya nyuma. Ukiichomoa, hata dereva hawezi kushusha kile kioo.

Mfugaji wa Mbwa Wakubwa:
Mimi nasema dawa ni kumzuia mbwa asifike mlangoni. Mvalishe mkanda wa kifua, usifunge kamba kwenye kola ya shingo, maana breki ya ghafla itamvuta koo. Urefu wa kamba uwe wa kumruhusu kukaa, kulala na kugeuka, basi. Pima hivi: mkalishe katikati ya kiti, muite kutoka upande wa mlango, uone kama mguu unafika kwenye kiegemeo. Ukifika, fupisha.

Angalia na kamba inashikwa wapi. Zile zinazochomekwa kwenye kifungio cha mkanda wa gari, mbwa akikanyaga kitufe chekundu zinafunguka. Afadhali ndoano ya chuma kwenye pete za ISOFIX, zile za kufungia viti vya watoto, zilizopo kati ya mgongo na kikalio cha kiti. Paka asiachiwe huru hata kidogo. Awe kwenye kizimba cha kusafiria, nacho kifungwe kwa mkanda wa gari, kwani akitoroka huingia chini ya pedeli.

Dereva wa Familia:
Upande wa loki: ile ya watoto ipo ukingoni mwa mlango wa nyuma, unasukuma kidude au unageuza kwa ncha ya ufunguo. Inazima mkono wa ndani wa kufungulia mlango pekee. Haizimi vioo, na haipo milango ya mbele. Ijaribu kioo kikiwa kimeshushwa, ili mlango ukigoma kwa ndani utoe mkono ufungue kwa nje. Na abiria wa nyuma waambiwe ipo.

Hatari nyingine ni senta loki, ile inayofunga milango yote kwa kitufe kimoja. Unashuka mara moja, injini inanguruma kwa ajili ya AC, funguo zimebaki ndani, mbwa anahamia kiti cha dereva na kukanyaga kitufe cha loki. Hapo kitufe cha kufunga vioo hakisaidii, na AC ikizimika, joto ndani hupanda kama nyuzi 10 za sentigredi kwa dakika 10 tu. Kuacha upenyo wa kioo hakupunguzi la maana. Zima gari, toka na ufunguo, toka na mbwa. Rimoti nayo isiachwe kitini, mguu mmoja unatosha kuibonyeza.

Mama Simba:
Na vifuniko vya swichi?

Fundi Umeme:
Vya plastiki ngumu vinafaa kwa milango ya nyuma. Kifuniko kisiguse swichi: acha nafasi ya kama sentimita 1, kisha kikandamize kwa uzito wa mkono mzima. Kikibonyea hadi kuigusa, hakifai. Shikiza kwa velkro, si gundi ya papo hapo, inaharibu kiegemeo na ikimwagikia swichi inaigandisha. Swichi za dereva usizifunike.