Peter Pears: hii sauti nyie mnaisikiaje?

sauti_ya_tatu: Wakuu habari za jioni. Mi naimba sauti ya tatu, yaani tenor, kwaya ya parokia, masikio nimeyalea kwa Pavarotti, yule tenor Mwitaliano. Jana nimesikiliza opera ya Peter Grimes, ile rekodi ya 1958 mtunzi wake Benjamin Britten mwenyewe anaongoza na Peter Pears ndo Grimes. Jamani sauti kavu, nyembamba, kama inapitia puani hivi, afu naambiwa huyu Mwingereza aliimba mpaka jumba la opera la Metropolitan kule New York. Alifikaje? Au alibebwa tu kwa kuwa mtunzi alikuwa mwenzi wake?

Mzee wa Besi: Kubebwa kulikuwepo tusidanganyane 😂 ila mdogo wangu kumbuka jamaa alishasota kabla. Oxford alitoka bila digrii, akafundisha watoto shule, akaja kuimba kikundi cha BBC, na Britten wamejuana 1937 tu. 1939 wakaenda Marekani wakarudi 1942 vita bado inawaka. Grimes yenyewe imefunguliwa ukumbi wa Sadler's Wells, London, tarehe 7 Juni 1945, Ulaya vita imeisha hata miezi miwili haijafika.

mama_solfa: Mi naona swali limekaa kinyume. Pears hakubebwa, alishonewa opera kama nguo ya kipimo chake. Nenda pale dhoruba inapiga nje, Grimes anaingia baa anaanza kuimba habari za nyota, sikiliza anavyong'ang'ania nota moja, ile E juu ya do ya kati, anairudia anairudia kama mtu anayeongea peke yake. Nyie sauti ya tatu hapo ndo mnapokwamaga, sauti ya kifua inaisha ya kichwa haijapokea, yeye hapo ndo palikuwa patamu kwake na Britten alilijua hilo, akaijenga sehemu nzima juu ya nota hiyo. Baadaye Jon Vickers Mkanada kaja kuimba Grimes kwa sauti nzito ya kutisha, nguo ileile mwili mwingine kabisa.

Mzee wa Besi: Na Metropolitan kaingia mara ya kwanza 1974 ana miaka 64!! na Death in Venice, opera nyingine ya Britten, ambayo mhusika mkuu yuko jukwaani karibu muda wote. Kilichomnyamazisha ni kiharusi, 1980.

sauti_ya_tatu: Miaka 64 mi sidhani kama ntakuwa napanda hata ngazi za kwaya. Nimerudia kile kipande cha nyota mara tatu, sawa mama nimekuelewa, ila pua bado naisikia.

mama_solfa: Hata mi naisikia 😂