Mjadala: Andy Black wa Ireland na maisha ya poka. Je, ujuzi unaifanya kamari iwe kazi halali?

Mtoa mada:

Wadau, salaam. Kuna hoja wapenzi wa poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau la fedha, hawachoki kuirudia: kwamba huu si mchezo wa bahati, ni mchezo wa akili, kwa hiyo anayeishi kwa poka ni mtaalamu kama mhasibu au mwanasoka, na sheria za kamari zimwache afanye kazi yake. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili naikataa kabisa, na nitaeleza sababu kwa kupitia maisha ya mtu mmoja.

Andy Black alizaliwa Belfast mwaka 1965 na kusomea sheria Trinity College, Dublin. Mwaka 1997 alikuwa Las Vegas kwenye shindano kuu la World Series of Poker, mashindano ya poka yanayohesabiwa kuwa ya dunia, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000, akamaliza nafasi ya 14 kati ya watu 312. Bingwa wa mwaka ule alikuwa Stu Ungar, Mmarekani ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi kuliko wote waliowahi kushika karata. Baada ya hapo Black aliipa poka kisogo. Alikwenda kuishi na jumuiya ya Wabudha Uingereza, akakaa huko miaka kadhaa, ndiyo maana aliporudi mezani watu walimbandika jina la Mtawa.

Na alirudi kwa kishindo. Mwaka 2005 watu 5,619 walijiandikisha kwenye shindano lile lile. Black alifika meza ya mwisho, ile ya watu tisa, na kuna wakati aliongoza kwa wingi wa chipu, vile vidude vya kuwekea dau badala ya fedha. Akatolewa wa tano na kulipwa dola 1,750,000. Ubingwa ulichukuliwa na Joe Hachem wa Australia, dola milioni 7.5.

Sasa, yeyote anayesema hiyo ni bahati tupu hajui anachokisema. Mwaka 2017, huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na wataalamu wanne wa poka kwa mikono 120,000 (mkono ni mgao mmoja wa karata hadi mshindi apatikane) na kuwashinda kwa tofauti kubwa. Bahati haidumu mikono 120,000. Karata moja inaweza kumpa mjinga ushindi usiku mmoja, lakini ukicheza mwaka mzima hesabu inamweka kila mtu anapostahili. Ujuzi upo: kujua uwezekano, kusoma dau la mwenzako, kutupa karata nzuri pale unapohisi umezidiwa, na kutopagawa ukishapoteza.

Lakini hela inatoka wapi? Hapo ndipo wapenzi wa poka wanapokata mazungumzo. Mezani hakuna kinachozalishwa. Mwaka ule wa 2005 walilipwa watu 560 tu. Wengine zaidi ya 5,000 walirudi kwao mikono mitupu, na mwenye ukumbi alikwisha kukata chake kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Kila dola aliyoibeba Black ilitoka kwenye mfuko wa mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti.

Ndiyo maana nasema ujuzi hauondoi lawama, unaiongeza. Kwenye bahati nasibu mimi na profesa wa hisabati tunaliwa sawasawa. Kwenye poka mtaalamu anamjua wa kumla. Anachagua meza. Wanafundishana wazi kwamba ukikaa na usimwone mnyonge, inuka. Mgeni asiyejua mchezo wanamwita samaki, na siku samaki akiondoka, meza inavunjika, kwa sababu hakuna anayetaka kula kwa mwenzake anayejua. Kazi ambayo mshahara wake unategemea mtu mwingine asielewe anachofanya, mimi siwezi kuiita kazi kama nyingine. Isimamiwe kama kamari, tena kwa ukali.

Karibuni.

Mchangiaji wa Nairobi:

Boss, umeandika vizuri lakini hapo mwisho umeteleza. Ireland si Black peke yake. Mtazame Donnacha O'Dea. Huyu aliogelea Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiiwakilisha Ireland. Baadaye akawa mcheza poka wa kulipwa, akafika meza ya mwisho ya shindano kuu mwaka 1983 na tena 1991. Mwaka 1998 akatwaa ubingwa wa Omaha, aina mojawapo ya poka, kule Las Vegas, akimbwaga mwishoni Johnny Chan, bingwa wa dunia mara mbili. Kisha mwanawe, Eoghan, naye akafika meza ya mwisho mwaka 2011, akamaliza wa sita na zaidi ya dola milioni 1.7. Bahati hairithishwi, ndugu yangu. Kinachorithishwa ni nidhamu na mafunzo.

Kuhusu kuchagua mnyonge: bondia hachagui mpinzani? Wakili mzuri hafurahi akikutana mahakamani na wakili dhaifu? Mfanyabiashara wa hisa anapouza kwa bei ya juu, aliyenunua si ndiye anayeumia? Ukitaka kuwahukumu wote wanaopata kwa sababu mwingine amekosa, utafunga nusu ya dunia.

Mtoa mada:

Mkuu, umetaja bondia, na bondia ananisaidia mimi. Ndondi ina madaraja ya uzito. Ina daktari, ina refa anayesimamisha pambano mtu akianza kuyumba. Hakuna anayeruhusiwa kumpandisha ulingoni kijana wa kilo 55 apigane na wa kilo 100 ati kwa sababu kijana mwenyewe amekubali na amelipa kiingilio. Poka haina daraja. Aliyejifunza jana anakaa kando ya mtu mwenye miaka 20 ya mchezo, na akianza kuyumba, hapo ndipo wenzake wanaposogeza viti karibu.

Wakili anayeshindwa, mteja wake amepata huduma. Aliyenunua hisa anabaki na kipande cha kampuni. Aliyepoteza poka anabaki na nini?

Mchangiaji wa Unguja:

Assalaam alaykum. Kwetu Waislamu jambo hili halina mjadala mrefu. Aya ya 90 ya Suratul Maida imekataza kamari na haikuuliza kama mchezaji ana akili au hana. Ila mimi nimevutiwa na huyu Black kuwa Mbudha, kwa sababu watu wanadhani dini yake haina tatizo na jambo hili.

Mafundisho ya Budha yanataja biashara tano ambazo mfuasi asizifanye: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Kamari haimo, na najua watetezi wa Black watashika hapo. Lakini yapo mafundisho aliyompa kijana Sigala, na humo kamari imetajwa miongoni mwa milango sita ya kuteketeza mali. Budha akaorodhesha madhara yake, na la kwanza kabisa ni hili: anayeshinda anajizalia chuki. La pili: anayeshindwa anaomboleza mali yake.

Sasa rudini kwenye Qur'an, aya inayofuata, ya 91. Sababu iliyotajwa ni kwamba shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu kwa ulevi na kamari. Dini mbili ziko mbali kiasi hicho, na zote mbili hazikuanza na suala la bahati. Zimeanza na kile kinachotokea kati ya mtu na mtu wakishakaa kuchukuliana mali. Kwa hiyo kompyuta ya Pittsburgh, pamoja na ufundi wake wote, haikujibu swali ambalo Mtawa huyo alipaswa kujiuliza.

Mchangiaji wa Dublin:

Habari zenu. Mimi naishi huku na niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli iliyokuwa ikipokea mashindano ya poka. Kaka mtoa mada, unayoyasema nimeyaona kwa macho, lakini nimeona na mengine.

Ukumbi wenyewe hauna kelele za watu. Unachosikia ni chipu: kila mtu anazichezea kwa vidole vya mkono mmoja, anazigawa mafungu mawili na kuziunganisha tena, bila kuangalia. Mamia ya mikono kwa wakati mmoja. Kazi yangu ilikuwa chai, kahawa na sandwichi. Nilikuwa nawatambua wa kulipwa kwa jinsi walivyokula: kwa saa, maji mengi, hawagusi pombe. Wengine walikuwa na bia mkononi na walikuwa wanacheka.

Na hawa wanaocheka ndio wengi. Wazee wanaofahamiana tangu ujana, wamekuja na wake zao, wanafanya wikendi. Irish Open ilianzishwa mwaka 1980 na Terry Rogers, bukimeka (mpokea dau) wa Dublin, na hadi leo Waayalandi wengi wanaiona kama sherehe. Mshindi wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Colette Doherty. Mzee akipoteza kiingilio anakwenda baa, anasimulia mkono uliomtoa, kesho anarudi nyumbani. Ukimwambia yeye ni samaki aliyeliwa atakushangaa. Kwake ameshanunua furaha yake.

Lakini kulikuwa na mmoja. Kijana, koti la michezo, alikuwa akitolewa anakwenda kwenye korido ya jikoni kupiga simu. Siku hizi mashindano mengi yanakuruhusu ukitolewa ulipe uingie tena. Aliingia tena. Akatoka, akapiga simu, akaingia tena. Nilipita na sinia nikamsikia anasema “ni mkopo tu, Ijumaa nakurudishia.” Ndani ya ukumbi hakuna aliyekuwa na kazi ya kumuuliza kitu. Wagawa karata wanagawa, wahudumu tunahudumu. Hicho ndicho kinachonisumbua, zaidi ya hao wa kulipwa.

Mchangiaji wa Dodoma:

Asante dada wa Dublin. Nitazungumzia sheria tu, maana ndiyo inayoamua.

Marekani waliwahi kulipeleka swali hili hili mahakamani. Mtu mmoja alikuwa akiendesha poka kwenye ghala la baiskeli za umeme, Staten Island, akashtakiwa. Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein akasema poka ni ujuzi zaidi kuliko bahati, akafuta hatia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaurudisha uamuzi wa hatia. Haikubisha kwamba kuna ujuzi. Ilisema sheria ile haikuweka sharti kwamba bahati lazima izidi ujuzi ndipo biashara iitwe kamari.

Ireland yenyewe ilikaa na sheria ya mwaka 1956 hadi juzi. Kasino hazikuruhusiwa, watu wakafungua klabu za wanachama na kuchezesha humo. Sheria mpya imepitishwa mwaka 2024, na mamlaka ya kusimamia kamari imeanza kazi Machi 2025. Sheria hiyo inataka matangazo ya kamari kwenye televisheni na redio yazuiwe kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 usiku, na liwepo daftari la kitaifa ambalo mtu anaweza kujiandikisha ili azuiwe kucheza mtandaoni. Haya hayakuja bure: mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya ESRI ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya 30 nchini humo ana tatizo la kamari.

Na jambo moja kwa wanaotaka poka iitwe taaluma. Ireland, fedha za kushinda kamari kwa kawaida hazikatwi kodi. Fundi bomba wa Dublin analipa, nesi analipa. Mcheza poka akitaka heshima ya taaluma, aanze na hilo. Siku ya kodi ni kamari, siku ya heshima ni kazi, haiwezekani.

Mchangiaji wa Nairobi:

Ya kodi nakubali. Lakini mtoa mada bado hujanijibu kuhusu Black. Mtu aliyelipa dola 10,000 kukaa meza moja naye si mnyonge. Yule kijana wa korido anastahili ulinzi, sawa. Mwenye dola 10,000 za kuchezea anajilinda mwenyewe.

Mtoa mada:

Mkuu, wengi hawakulipa dola 10,000. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia kupitia mchujo wa mtandaoni kwa chini ya dola 100, akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Dunia nzima ikaona kwenye televisheni. Mwaka ule walicheza watu 839. Mwaka 2004 wakawa 2,576. Mwaka 2005, Black aliporudi, 5,619. Maelfu kati yao walikuwa watu wa kawaida waliopita kwenye michujo ya mtandaoni, kila mmoja akiamini yeye ndiye mhasibu anayefuata, na nyuma yao kuna wengine wengi zaidi waliopoteza kwenye michujo yenyewe, ambao hata Las Vegas hawakuiona.

Linganisha. Mwaka 1997 bingwa, Stu Ungar, alipata dola milioni moja. Mwaka 2005 mtu wa tano alipata milioni moja na robo tatu. Ufundi haukupanda kiasi hicho ndani ya miaka minane. Kilichopanda ni idadi ya wageni. Na Ungar, fundi wao mkuu, alifariki Novemba 1998 kwenye moteli Las Vegas, akiwa na miaka 45, moyo umechoshwa na dawa za kulevya, na ile milioni haikuwepo tena.

Simchukii Black. Mtu aliyeweza kuinuka mezani akiwa na kipaji kile, akakaa miaka na kujichunguza, namheshimu kuliko wengi wanaomshangilia. Ninachokitaka ni kidogo: wa kulipwa wapewe leseni na walipe kodi, kuingia tena baada ya kutolewa kuwekewe ukomo, na ukumbini awepo mtu mwenye mamlaka ya kumsimamisha yule kijana kabla ya simu ya pili. Anayepinga hayo matatu aniambie ni lipi kati yake linalomzuia mtu mwenye ujuzi wa kweli kucheza.