Mrejesho: moyo kudunda na usingizi kukatika

Wandugu, ni mimi wa Goma niliyeuliza kwa nini lori likipita na ukuta ukatikisika kidogo, moyo unanidunda kama vile volkano ya Nyiragongo imelipuka tena kama Mei 2021, ingawa daktari alipima moyo na presha akasema viko sawa.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa yule mama muuguzi: kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta. Navuta nikihesabu hadi nne, natoa hadi sita. Alieleza kwamba ukitoa pumzi polepole, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, inapunguza kasi ya moyo. Nilidhani ni maneno ya kubembeleza mtoto. Kumbe ukishika mshipa wa mkono unasikia mwenyewe: mapigo yanakwenda haraka ukivuta, yanapungua ukitoa.

Kufumba macho na kuusikiliza mwili kulinishinda. Nikifumba tu, hofu inapanda. Sasa nafanya macho wazi, nyayo kwenye saruji baridi, nalegeza taya kwanza, kisha mabega (yalikuwa yamepanda hadi masikioni, sina habari). Soko la Virunga nalipita polepole makusudi, mamotari (waendesha pikipiki) wapige honi wapendavyo.

Usingizi bado unakatika alfajiri, ila sasa unarudi. Kwa kaka aliyependekeza bia mbili za jioni: asante, hapana, zilinifanya niamke nimechoka zaidi. Na tetemeko la kweli likija, bado natoka nje mbio. Hilo sitaki kulituliza.