Jengo la zamani la benki Moshi: nitajuaje lilijengwa lini na lilikuwa la nani?

MtaaWaMoshi
Wakuu, tunaandaa maelezo ya majengo ya zamani katikati ya mji wa Moshi. Kuna moja lililowahi kuwa benki, bado lina chumba cha hazina chenye mlango wa chuma. Kila mzee ana mwaka wake. Wengi wanasema "lilikuwa la Barclays" kwa sababu wanakumbuka kibao. Nianzie wapi? Na je, sheria inalilinda lisibomolewe?

Nyaraka_Kaskazini
Kumbukumbu ya kibao haitoshi. Barclays ya enzi za mkoloni iliishia hapa tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki zilipotaifishwa na kuundwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Barclays ikarudi nchini mwaka 2000, ikaitwa Absa 2020. Kwa hiyo muulize mzee kibao alikiona lini.

Ukipata picha, soma jina lote. "Barclays Bank (D.C.O.)" haliwezi kuwa kabla ya 1925. "Standard Bank of South Africa" ni kabla ya 1962. "National Bank of India" ni kabla ya kuungana na benki ya Grindlays, 1958.

HatiNaViwanja
Anza ofisi ya ardhi ya Manispaa upate namba ya kiwanja na kitalu, kisha ufanye upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati. Usiridhike na jina la mmiliki wa sasa. Omba miamala yote iliyosajiliwa.

Wengi huteleza hapa: wanakuta hati ya 1963 na kuandika "jengo la 1963". Mwaka huo umiliki wa kudumu ulioachwa na wakoloni uligeuzwa kuwa wa miaka 99 chini ya serikali. Huo ni umri wa karatasi, si wa ukuta. Tafuta hati iliyotangulia.

Halafu angalia jengo lilipitia mkono gani. Lililokuwa mali ya benki lilikwenda NBC 1967, na NBC ilipogawanywa 1997 likaweza kuangukia NBC mpya, benki ya NMB au kampuni hodhi (ya kushikilia mali zilizobaki). Ila kama benki ilikuwa mpangaji wa mfanyabiashara, kuna sheria ya 1971 iliyotwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Hayo yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba. Ukilikuta mikononi mwa Shirika, usikimbilie kuandika "lilijengwa na benki". Fidia ya 1971 ilitegemea umri wa jengo, kwa hiyo faili la utwaaji likipatikana, tafuta kwanza mwaka wa kukamilika.

FundiMawe
Mlango wa hazina nao hudanganya, maana benki iliweza kuhamia duka la kawaida na kujenga chumba ndani. Tazama pembe ambapo ukuta wa hazina unakutana na ukuta mkuu. Mawe yakiwa yamefungamana, vilijengwa pamoja. Ukiona ufa ulionyooka toka sakafuni hadi darini, hazina ilikuja baadaye. Plasta ikiuficha, gongagonga usikilize. Msibandue bila ruhusa ya mwenye jengo.

Nyaraka_Kaskazini
Kuhusu kubomoa: Sheria ya Mambo ya Kale inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lenu si la zama hizo, kwa hiyo linahitaji kutangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kama lilishatangazwa.

MtaaWaMoshi
Asanteni. Na kiwanja kikiwa kimegawanywa?

HatiNaViwanja
Chukua ramani ya upimaji ya sasa, humo utaona kilitokana na kiwanja namba ngapi. Fanya upekuzi kwa namba hiyo ya zamani.