Mama wa Whistler: majonzi au rangi tu?

Mleta mada
Wadau, James Whistler, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, alimchora mama yake Anna mwaka 1871. Mama kaketi kiubavu, gauni jeusi, kofia nyeupe ya kitambaa, miguu juu ya kibago. Hatutazami. Whistler akaiita Mpangilio wa Kijivu na Nyeusi, Na. 1, na baadaye akauliza watu inawahusu nini aliyechorwa ni nani.

Mimi sikubali. Huyu ni mjane. Mumewe alifia Urusi mwaka 1849, na tangu hapo mama akashikilia nguo nyeusi. Mtoto anajua hayo yote, halafu atuambie nyeusi ile ni rangi tu? Anatuzuga.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, angalia picha, acha wasifu. Pazia, ukuta, fremu: mistatili mitupu. Hata kile kipicha cha ukutani ni kazi yake mwenyewe, gati la mto Thames. Isitoshe alianza kumchora mama amesimama; bibi akachoka, akaketishwa. Huo mnaouita uchungu ni mtu mzima kaambiwa atulie.

Kusoma alama kwa pupa ndiko kulikozaa ile stempu ya Marekani ya 1934. Picha ikakatwa, mama akaongezewa chombo cha maua ambacho Whistler hakukichora, yakaandikwa maneno ya kuwaenzi akina mama. Hapo mchoraji yuko wapi?

Mchangiaji wa pili
Mbona hamumuulizi mama? Alimwandikia dada yake mwaka huohuo. Anasimulia kwamba mwanawe alipokwama na kulalamika haiwezekani, yeye alikuwa akiomba kimyakimya pale kitini. Ilipokamilika kijana akashangilia, akambusu. Mbona simwoni mfiwa hapo? Namwona mama anayemwombea mwanawe kazi iishe salama.

Mleta mada
Stempu siitetei, ni kioja. Barua nayo inaeleza alichowaza mama, haifuti kilichopo kwenye turubai. Mkuu wa mistatili, fanya hivi: mtoe mama kichwani mwako, bakiza ukuta, pazia na fremu. Chumba kinachangamka? Mimi naona ubaridi uleule. Basi huzuni imo ndani ya huo mpangilio unaoutetea, na aliyeuchagua ni Whistler. Rangi za kuchangamka zilikuwepo, hakuzitaka. Kwa nini?